Je, Mkristo Aweza Kutangazwa Muflisi?



Mwalimu mmoja wa usharika ana nduguye akaaye Marekani. Huyo aliugua, akapasuliwa, akapona. Walakini deni la hospitali limepita nguvu zake, naye ataka kwenda mahakamani atangazwe muflisi. Mwalimu auliza: Je, si dhambi? Maana Zaburi ya 37 yamweka akopaye asilipe katika hesabu ya waovu.

Kwanza na tulijue jambo lenyewe. Sheria ya ufilisi ya Marekani, ya mwaka 1978, yampa mtu wa kawaida njia mbili. Kwa Sura ya 7, mali yake huuzwa, illa vitu ambavyo sheria humwachia apate kuishi, na deni lisalialo hufutwa. Kwa Sura ya 13, hulipa kidogo kidogo kwa kadiri ya mapato yake, miaka 3 hata 5, ndipo baki hufutwa. Deni la hospitali hufutika. Fedha za matunzo ya watoto hazifutiki. Tena habari ya ufilisi wake yaweza kukaa katika kumbukumbu za wakopeshaji muda wa miaka 10.

Je, huyu ni mwizi? Mimi naona sivyo. Mwizi hutwaa kwa tamaa. Mgonjwa hakukitamani kisu cha mganga. Katika Katekisimo Ndogo, Luther afundisha kwamba amri ya 5 yatutaka tumsaidie jirani katika shida za mwili wake. Basi ikiwa uhai wa jirani ni wa kulindwa, mgonjwa hakukosa alipotafuta kuponywa. Na Mungu mwenyewe, katika Kumbukumbu la Torati 15, aliwaagiza Waisraeli waachilie madeni kila mwaka wa 7. Hakusema kwamba deni si kitu. Alikataa deni liwe bwana wa mtu hata kufa kwake.

Walakini angalieni. Aendaye mahakamani huapa kwamba ameorodhesha mali yake yote. Akificha fedha kwa rafiki, au akiandika gari lake kwa jina la mwingine, amri ya 7 na ya 8 zitamshitaki, naye amefuata njia ya Anania na Safira. Tena sheria humwondolea lazima ya kulipa, haimkatazi kulipa kwa hiari. Bwana akimbariki baadaye, na awakumbuke waliomtibu.

Kwa hiyo, mwalimu, mwandikie nduguyo aende bila kuficha kitu, wala asione haya mbele za Mungu.

Neno la mwisho ni letu sisi. Huko Marekani sharika kadha wa kadha zimechanga fedha, zikasaidia kununua madeni ya wagonjwa kwa bei ndogo sana, hata dola 1 kwa deni la dola 100 hivi, yakafutwa. Wala wagonjwa hao hawakuwajua wachangaji. Yule mjane wa 2 Wafalme 4, aliyemwia alipokuja kuwatwaa wanawe, aliazimwa vyombo na majirani, na mafuta yakapata mahali pa kujaa. Basi tusianze kuuliza, Kwa nini huyu amekwenda mahakamani? Na tuulizane kwanza: Alipokuwa kitandani, vyombo vyetu vilikuwa wapi?