Jeraha la Askari Asiyekuwepo

Katika Master of Magic, mchezo wa kompyuta uliotungwa na kampuni ya Simtex mwaka 1994, mchezaji huwa mchawi anayetawala miji na majeshi, na miongoni mwa anaoweza kuwaita vitani wamo askari vivuli. Hawana nyama wala damu. Pambano likimalizika hutoweka. Ajabu ni kwamba pigo lao halizuiliwi na deraya. Chuma kinene hakimfai kitu aliyekivaa. Kinga ni moja, nayo ni sifa ya kutodanganyika na kiinimacho. Na hata mwenye sifa hiyo hahakikishiwi ushindi, ila deraya yake hurudi kufanya kazi yake ya kawaida.

Kanuni hiyo imebeba falsafa, pengine kuliko walivyokusudia watunzi wake. Deraya haikutobolewa. Imepitwa tu, kwa kuwa anayeumia ndiye anayempa kivuli nguvu za kumuumiza. Wanazuoni wa Kiislamu waliligusa jambo hili zamani. Katika Sura Taha, kamba na fimbo za wachawi wa Firauni zilionekana kama zinakwenda mbio, na Musa akaingiwa na hofu. Abu Bakr al-Jassas, faqihi wa Kihanafi wa karne ya 10, aliona sihiri kuwa hadaa. Wengi katika Masuni walishikilia kwamba ina uhalisi wake. Mjadala ulikuwa juu ya kamba. Hofu ya Musa haikukanwa na yeyote.

Sasa na tuitazame Dubai, ambako kivuli hicho huvaa sura ya ajira. Kijana wa Mombasa au Kampala huonyeshwa mkataba wa kazi katika duka la Deira. Familia huuza kiwanja, wakala hulipwa, tiketi hukatwa. Kijana hufika akiwa na viza ya matembezi, na duka halipo. Kazi hiyo haikuwahi kuwepo hata kwa siku moja, ilhali kiwanja kimekwenda kweli. Nyumbani watu husema wajinga ndio waliwao, methali inayomhukumu aliyeliwa na kumwacha mlaji ajifutie mdomo. Ni hukumu ya uvivu. Yule kijana hakukosa akili. Mkataba ulikuwa na muhuri, wakala alikuwa na ofisi, na akili yake ilikuwa tayari kwa hatari nyingine kabisa.

Mchezo mwingine, Heroes of Might and Magic III wa mwaka 1999, unaongeza jambo zito zaidi. Humo mchawi hunakili kikosi, na nakala hupiga kwa nguvu zilezile za asili, kisha hutoweka ikiguswa na jeraha la kwanza. Lakini hainakiliki hewa: sharti kiwepo kikosi hai cha kunakiliwa. Wakala wa uongo naye hawezi kufanya biashara pasipo jirani aliyekwenda Dubai kweli, akarudi, akajenga. Huyo ndiye asili ya nakala.

Je, asili ana dhima? Anapiga picha chini ya Burj Khalifa, jengo la mita 828, na picha ni ya kweli. Haonyeshi kitanda anachokodi katika chumba cha watu wanane. Hajasema uongo, na ana haki ya kumsitiri mama yake na huzuni. Sitara kwa Waswahili ni adabu kabla ya kuwa hila. Tatizo linaanzia pale sitara yake inapokuwa mtaji wa mtu mwingine, naye akilijua hilo. Hapo kunyamaza si adabu tena.

Anachodaiwa si kikubwa. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, Amri ya Shirikisho Na. 33 ya mwaka 2021, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa. Anayeijua kanuni hiyo hatajirika kwa kuijua, na huenda akabaki Kampala bila kazi. Ila siku atakapoambiwa alipie nafasi, deraya yake itakuwa mwilini.

Simu inayotoka Tanga usiku huuliza: “Mjomba, kazi huko zipo?” Mjomba aliyelala kitanda cha juu, chumba kikiwa kimezimwa taa, hushusha sauti ili wenzake wasiamke. Kiwanja bado hakijauzwa.