Sitara na Siri

Baba yangu alipofariki mwaka 1979 aliniachia msahafu wake, saa ya mfukoni isiyotembea, na baiskeli moja ya Raleigh yenye gia tatu. Msahafu ninao mpaka leo. Saa ilipotea katika kuhamahama. Nataka kusema juu ya baiskeli, na hasa juu ya kile kitovu cha gurudumu lake la nyuma, kwa kuwa mna swali ndani yake ambalo sijalimaliza ingawa sasa ni mzee.

Mtu aliyezoea baiskeli nyingine za gia akiitazama ile haoni kitu. Haoni meno yaliyopangwa kama sahani, wala ule mkono wa springi unaoirusha cheni kutoka jino hili kwenda jingine. Anaona pipa dogo la chuma, nono kidogo kuliko vitovu vya kawaida, na kicheni chembamba kama cha mkufu kinachochomoza kwenye ncha ya ekseli upande wa kulia. Juu ya pipa lile pameandikwa Sturmey-Archer, kisha AW, na tarakimu za mwaka na mwezi kilipotengenezwa. Cha baba kilikuwa cha mwaka 1955.

Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge karibu na Muheza, mtu wa vitabu vya hesabu, na alipenda kueleza mambo. Ndani ya pipa, aliniambia, mna gurudumu dogo lililoshikamana na ekseli, nalo halizunguki kamwe. Hilo ndilo jua. Kulizunguka zimo sayari nne zilizofungwa pamoja katika kizimba kimoja, na nje ya hizo iko pete pana yenye meno yaliyoelekea ndani. Jua lina meno 20, kila sayari meno 20, na pete meno 60. Ukiwa katika gia ya pili nguvu ya cheni huenda moja kwa moja kwenye gurudumu, na sayari husindikiza tu bila kubeba mzigo. Ukitia gia ya kwanza, cheni huizungusha pete, na kizimba cha sayari ndicho kinacholivuta gurudumu. Hapo meno ya nyuma yakizunguka mara nne gurudumu huzunguka mara tatu, nawe unapanda mlima na pumzi yako kifuani. Gia ya tatu ni kinyume chake: mara tatu kwa mara nne, kwa njia tambarare na upepo wa mgongoni. Mambo hayo yote hufanyika gizani, ndani ya oili, na vumbi la Muheza lisijue.

“Mashine hii ina sitara,” baba alikuwa akisema. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote. Mtu mwenye adabu, kwa mizani yake, hakuanika njaa yake wala magomvi ya nyumbani mwake. Alivaa kanzu safi akatoka.

Nilikua nikiamini hivyo, na kwa upande wa mashine naamini bado. Gia zilizo nje hunyeshewa mvua, huingia mchanga, huchapwa na jiwe zikapinda. Gia za ndani hazina shida hiyo. Tena waweza kuzibadili hata baiskeli ikiwa imesimama, jambo ambalo mtu aliyesimamishwa mlimani na ng’ombe, akiwa na gunia kwenye keria, analifahamu thamani yake. Ndiyo maana nchi kama Uholanzi, ambako watu huenda kazini kwa baiskeli katika mvua, zimeendelea kuzitumia. Ndiyo maana pia wako wasafiri wa mbali wanaonunua kitovu cha Rohloff cha Ujerumani, kilichotoka mwaka 1998 kikiwa na gia 14, ingawa bei yake huzidi ya baiskeli nzima ya kawaida.

Lakini gia za nje zina fadhila moja ambayo baba hakuitaja. Zikiharibika, zinasema. Hata mtoto akipita atakwambia, “Mzee, cheni yako imekaa upande.” Kitovu kile hakisemi. Kibovu na kizima vinafanana, na anayejua tofauti ni yule tu anayekipanda kila siku.

Mwaka 1983 nilikuwa nikifundisha shule moja maeneo ya Soni, kwenye ile barabara inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Ilikuwa miaka ya uhaba. Tairi lilikuwa tukio, na mwenye baiskeli ya gia alikuwa mtu. Nami nilijivuna. Nilikuwa nikiwaeleza walimu wenzangu habari za jua na sayari kwa maneno yaleyale ya baba, kama kwamba mimi ndiye niliyezivumbua.

Sasa, katika kitovu kile baina ya gia ya pili na ya tatu pana mahali patupu. Waya wa gia ukilegea kidogo, mtu aliye katika gia ya pili huweza kudondokea hapo bila taarifa, na pedeli zikawa hazishiki kitu, zinazunguka bure. Yangu ilikuwa imeanza kufanya hivyo. Nilikuwa nimeizoea: nikisikia mlio fulani nilikaa kitini na kulegeza mguu. Kuirekebisha hakuhitaji spea wala fundi. Unatia gia ya pili, unachungulia kwenye kijitundu kilichopo katika nati ya kulia, na kwa vidole tu unakaza kile kicheni mpaka mwisho wa kijiti chake ulingane na ncha ya ekseli. Dakika mbili. Kila jioni nilisema kesho.

Mwalimu kijana, aliyekuja kwetu mwaka ule, aliniomba baiskeli aende Lushoto kufuatilia mshahara wake. Nikampa. Nilimwonyesha kengele, nikamwonyesha breki, nikamwonyesha jinsi ya kubadili gia. Lile la kudondoka sikumwambia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kusahau sikusahau; neno lilifika mdomoni. Nadhani niliona haya kukiri kwamba baiskeli niliyoisifu vile ilikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe haikuonekana, basi nikaiacha isionekane.

Alirudi alasiri ndani ya gari la watu, mtulinga umevunjika na mdomo umepasuka. Alikuwa amesimama juu ya pedeli kwenye kilima, akikazana, mara chini yake hapakuwa na kitu. Aliangukia bomba la fremu, kisha barabara.

Naweza kujitetea hadi hapo, japo kwa taabu. Kilichofuata hakina utetezi. Nilikwenda kumtazama, naye, kabla sijafungua kinywa, akaniomba radhi. “Nisamehe, Mwalimu,” alisema, “sijazoea mambo ya gia. Bila shaka nilikosea kubadili.” Mlezi wake alikuwapo, na mwalimu mkuu pia. Wote wakatikisa kichwa: kijana, haraka, baiskeli ya watu. Nami nikasema, “Usijali, ni ajali.” Usiku ule nikachukua taa, nikachungulia kijitunduni, nikakaza kicheni. Kesho yake mtu yeyote angeijaribu asingepata kosa. Pipa lilikuwa linang’aa vilevile.

Tangu hapo lile neno la baba limenikaa vibaya. Kusitiri na kuficha ni mambo mawili, lakini kwa macho ya nje ni chuma kilekile. Nilitafuta mpaka wake kwa muda mrefu. Siku moja, nikiwa nimekigeuza kitovu kile nikisafishe, nikaona kama nimeupata kwenye kifuniko kidogo kilichopo juu ya pipa, ambapo hutiwa oili. Watengenezaji walifunika kila kitu, kisha wakaacha tundu. Mwenye mali alitakiwa aingize chake mle ndani mara kwa mara, na hivyo akumbuke kwamba mle mna kitu kinachofanya kazi. Vitovu vingi vya siku hizi havina tundu hilo. Hutiwa grisi kiwandani vikafungwa, na mtu hupanda miaka bila kufikiri kilichomo. Kile cha Rohloff bado chataka oili ibadilishwe kila baada ya kilomita 5,000, au walau mara moja kwa mwaka. Sitara yenye tundu, nikasema, ndiyo sitara. Isiyo na tundu ni siri.

Ni mpaka mzuri, lakini hauniokoi. Baiskeli yangu ilikuwa na tundu. Mimi ndiye niliyekuwa sina.

Miaka mingi baadaye nilipata kusoma asili ya kitovu hicho, nikacheka peke yangu. Jina lililochongwa pale ni la Henry Sturmey na James Archer wa Uingereza. Lakini ile gia ya kwanza iliyouzwa kwa jina hilo haikubuniwa na yeyote kati yao. Iliwazwa na William Reilly. Mkataba wake na kampuni ya awali ulimfunga hata kwa uvumbuzi wake wa baadaye, basi hataza ikaandikwa kwa jina la rafiki yake Archer. Kiwanda kikakua Nottingham, vitovu vikaenea duniani mpaka Muheza, na hata kiwanda kilipofungwa na mitambo kuuzwa Taiwan mwaka 2000, jina lilikwenda pamoja nayo. Mtu mmoja alibeba sifa isiyo yake. Mwenzangu alibeba kosa lisilo lake. La Reilly, angalau, yeye mwenyewe alilijua.

Mwaka 2011 nilikwenda Korogwe kwa msiba, nikalala kwa mwenzangu huyo. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, bega moja chini kidogo ya jingine. Baada ya chakula aliwatania wajukuu waliokuwa wakigombea baiskeli uani: yeye, alisema, baiskeli ya gia hajaigusa tena tangu 1983, maana Mungu hakumpa akili ya mitambo. Alisema kwa kucheka, kama mtu anayesema jambo alilolisema mara mia.

Nikamweleza. Nilimweleza waya, mahali patupu, mlio niliokuwa nauzoea, ile taa ya usiku. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa kimya kitambo, akitazama mikono yake.

“Kwa hiyo sikukosea,” alisema.

“Hukukosea.”

“Gia niliibadili sawasawa.”

“Sawasawa kabisa.”

Nilitegemea hasira, na nilikuwa tayari. Badala yake aligeuka akaita kuelekea jikoni. “Mama Asha! Hebu acha hivyo vyombo, njoo usikie anachosema Mwalimu.” Mkewe akaja akijifuta mikono, akakaa kwenye kigoda. Wajukuu wawili nao wakasogea mlangoni. Mwenzangu akanigeukia. “Rudia,” alisema. “Anzia mwanzo.”

Nikarudia, tangu zile jioni za kesho.