Fedha Ipitayo Mkononi

Katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, mwanamke auzaye sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hupokea faranga nyingi kutoka mikono mingi. Mtoto amwonaye hudhani ya kuwa mama huyo ni tajiri. Lakini jioni, akiisha kumlipa mvuvi, na mchukuzi wa mizigo, na mwenye meza, humbakia kidogo tu cha kununulia unga. Je, pato lake ni lipi: fedha zote zilizopita mkononi, au kile kidogo kilichobaki?

Kila mwenye akili atajibu: kile kilichobaki. Huo ndio msingi wa makato ya kodi. Mfanyabiashara huandika mauzo yake yote, kisha huondoa gharama za kazi, na kodi huhesabiwa juu ya faida. Basi, aombaye makato ya haki haombi sadaka kwa serikali. Anaomba ukweli utambuliwe.

Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Februari 1969 ilipambanua jambo hili. Iliruhusu kuondoa malipo ya pango la duka na mishahara ya wafanyakazi, kwa maana bila hayo faida haipatikani. Ilikataza kuondoa matumizi ya nyumbani na karo ya shule. Kumsomesha mtoto ni wajibu mkubwa wa mzazi, lakini si gharama ya kuuza sabuni. Tena ilikataza kuondoa faini, ili mkosaji asiwatwike wenzake sehemu ya adhabu yake.

Je, ni dhambi kudai makato? La, hata kidogo. Dhambi ni kuandika gharama isiyokuwapo. Mwenye duka akinunua mabati ya nyumba yake, akayaandika kuwa ya duka, amesema uongo kwa kalamu. Tena amewaibia watu asiowaona, na zaidi jirani yake mkweli, aliyelipa kodi yake yote.

Hapo zamani walikuwako walimu wa maadili waliofundisha kwamba sheria za kodi hazifungi dhamiri: mtu akikamatwa alipe faini, yatosha. Lakini mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwalaumu wazi wale wanaokwepa kodi za haki kwa hila na udanganyifu.

Wengine watasema: «Wakubwa hula kodi, na barabara zimejaa mashimo. Kwa nini mdogo awe mkweli?» Malalamiko hayo si ya bure, wala hayafai kudharauliwa. Lakini wizi wa mkubwa hauugeuzi uongo wa mdogo kuwa kweli. Na ampaye mtoza kodi matabishi ili apunguziwe, huyo anamlisha mwizi yuleyule anayemlalamikia.

Hata hivyo, haki haimdai mlipaji peke yake. Sheria ya tarehe 23 Februari 2013 iliweka njia nyepesi kwa wafanyabiashara wadogo. Aliyeuza bidhaa kwa mwaka zaidi ya faranga milioni 10, bila kupita milioni 80, alitozwa asilimia 1 ya mauzo, bila makato. Aliyeuza chini ya hapo alitozwa faranga 50.000 kwa mwaka. Njia hiyo humfaa asiyejua kutunza hesabu. Lakini yafaa kuipima. Mtu aliyeuza kwa milioni 20, akatumia milioni 18, alilipa 200.000, yaani sehemu moja ya kumi ya faida yake. Mwenzake aliyeuza kwa milioni 20, akatumia milioni 21, alipata hasara, naye alidaiwa 200.000 zilezile. Kwa hiyo watunga sheria nao wana dhamiri ya kuchunguza: yawapasa kutazama kilichobaki katika mkono wa maskini, wasitazame tu kilichopita.

Naye mfanyabiashara afanye lililo katika uwezo wake. Atunze daftari, aandike kila jioni kilichoingia na kilichotoka, ahifadhi stakabadhi, na atenge mfuko wa duka na mfuko wa nyumba. Asiye na daftari hawezi kuonyesha hasara yake hata akiapa. Mwenye daftari la kweli aweza kudai haki yake bila kuinamisha macho, na usiku akalala usingizi.