Theluji ya Paani Humwangukia Mwingine

Katika foleni ya Tunduma, katikati ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, hupita magari madogo ambayo wenyeji huyaita magari ya IT. Yameshushwa bandarini Dar es Salaam, yanaendeshwa kwenda Zambia, Kongo na kwingineko. Mengi yametumika Japani kwanza, na baadhi yake yametoka kaskazini kabisa, Hokkaido, ambako theluji hulala ardhini kwa miezi kadhaa. Ukikaa kwenye kiti cha dereva wa baadhi ya Noah au Harrier hizo utakuta karibu na gia kitufe cha theluji. Ukikibonyeza, injini huitikia mafuta kwa upole, ili magurudumu yasizunguke bure gari linapoondoka kwenye utelezi.

Huku kwetu Mbebe, wilayani Ileje, theluji haijulikani. Baridi yetu ni ile ya Juni na Julai, na anayetaka kuona weupe ardhini hana budi kufika Kitulo au Makete alfajiri ya miezi hiyo, akute sakitu imetanda majanini, nayo hutoweka jua likipanda. Utelezi wetu ni wa tope, tangu mvua zinapoanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Hata hivyo, nimesikiliza kwa makini habari za kazi ambayo ndugu zetu waliohamia nchi za baridi huifanya kila asubuhi ya theluji kabla ya kuwapeleka watoto shule. Naiona ina fundisho la utu ambalo sisi wa barabara za tope tunalihitaji kama wao.

Kazi yenyewe ina mpangilio wake. Aliyeliacha gari nje usiku kucha huko Minnesota, Toronto au Helsinki anaweza kulikuta asubuhi limefunikwa lote. Kwanza huzunguka nyuma kuangalia kama bomba la moshi halijazibwa. Kisha huwasha injini, akaelekeza hewa ya moto kwenye kioo cha mbele, akatoka tena na brashi ndefu na kikwaruo cha plastiki. Theluji laini hufagiliwa, barafu iliyoshika kioo hukwaruzwa. Maji ya moto hayamwagi, kwa sababu kioo kilichopoa sana kikipata joto la ghafla huweza kupasuka, na maji yenyewe huganda upya baada ya muda mfupi. Hubandua waipa zilizogandia kiooni, akafuta taa, vioo vya pembeni na kibao cha namba. Mwisho hunyoosha mkono juu, akaifagia theluji ya paani. Wakati huo vidole vinauma kwa baridi, saa ya kazi inakaribia, na watoto wanauliza wanaondoka lini.

Ukiitazama kazi hiyo kwa utulivu utaona kwamba kila sehemu ya gari ina mtu wake. Kioo ni cha dereva mwenyewe. Bomba la moshi ni la wale aliowapakia. Paa ni la mtu asiyemjua.

Nianze na kioo. Mwenye haraka hukwangua tundu dogo mbele ya macho yake, likimtosha kuchungulia, akaondoka. Kupitia tundu hilo ataiona barabara iliyo mbele yake, lakini hatamwona mtoto anayeingia kutoka kando. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja, na juu ya barafu umbali wa kusimama unaweza kuwa mara kumi ya ule wa barabara kavu. Kwa hiyo huko Uingereza Kanuni ya 229 ya mwongozo wa barabarani inamtaka dereva aweze kuona, na theluji na barafu viondolewe kwenye vioo vyote kabla ya kuondoka. Mwenye tundu la kuchungulia amevunja kanuni hata kama atafika salama. Lakini hapa bado hatujafika kwenye wema. Hata mtu mchoyo kupindukia husafisha kioo, maana asipoona ataumia yeye.

Bomba la moshi linatuvusha hatua moja mbele. Theluji ikiliziba, au gari likiwashwa ndani ya banda lililofungwa, moshi unaweza kurudi walikokaa watu. Ndani yake mna hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu kubwa kuliko oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na huenda asiamke. Katika nchi za baridi kumetokea misiba ya namna hiyo: baba yuko nje anachimbua theluji, mama na watoto wamekaa ndani ya gari wapate joto, na bomba limezibwa. Walikuwa wakihudumiwa na mtu aliyewapenda. Mapenzi yalikuwapo, uangalifu ndio uliokosekana.

Msiba huo sisi tunaujua kwa jina jingine. Hewa ileile hutoka kwenye jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi, mlango na madirisha vikafungwa ili joto lisipotee. Aliyewasha jiko hilo naye alitaka watoto wake wasisikie baridi. Nyumba za nyanda za juu zinapaswa kulisema jambo hili waziwazi kila Juni inapoingia: jiko la mkaa halilali chumbani na watu. Kumpenda mtu ni pamoja na kujua kinachoweza kumwua.

Sasa nije kwenye paa, ambako ndiko moyo wa tafakari hii uliko.

Theluji mpya ina uzito wa kilo 50 hadi 100 hivi kwa mita moja ya ujazo. Sentimita 20 zikilala juu ya gari lenye paa pana kama Noah, dereva anaweza kuwa amebeba uzito wa mfuko wa saruji bila kujua. Joto la ndani ya gari huyeyusha tabaka la chini, na gari likilala nje tena maji yale huganda yakawa bamba la barafu. Siku ya pili, gari likishika mwendo kwenye barabara kuu, upepo huingia chini ya bamba na kulinyanyua. Linapaa nyuma, kumwelekea anayefuata. Aliyelibeba anaweza asisikie hata mshindo. Huendelea na safari yake, redio ikiimba, akafika nyumbani na kuwasalimia wanawe. Kilichotokea nyuma yake hakijui.

Mwaka 1996, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, barafu ilianguka kutoka kwenye lori ikalipiga lori jingine, na hilo likaligonga gari la msichana mmoja, akafariki. Baadaye jimbo hilo lilipata sheria inayoitwa kwa jina lake, Sheria ya Jessica, ambayo inamtia hatiani dereva anayeendesha kwa uzembe akiwa na theluji au barafu ya kuhatarisha wengine. Na ile Kanuni ya 229 ya Uingereza, baada ya kutaja vioo, taa na vibao vya namba, inamtaka pia dereva aondoe theluji yote inayoweza kuwaangukia watumiaji wengine wa barabara. Inampa mgeni nafasi katika maandalizi yako ya asubuhi, na hilo naliona ni jambo kubwa.

Wajapani nao walikutana na swali hilohilo kwa sura nyingine. Kwa miaka mingi magari yao ya kaskazini yalivaa matairi yenye misumari ya chuma ili yashike barafu. Yalishika vizuri, lakini barabara ilipokuwa haina barafu misumari ile ilisaga lami ikawa vumbi, na watu wa miji kama Sendai wakalivuta vumbi hilo vifuani mwao. Mwaka 1990 Japani ilipitisha sheria ya kuzuia vumbi la matairi ya misumari, na madereva wakahamia matairi ya mpira laini yasiyo na misumari. Kuna dereva aliyeona kwamba amenyang'anywa kinga yake. Lakini nchi iliamua kwamba usalama wa aliye ndani ya gari hauwezi kulipwa kwa mapafu ya anayetembea kwa miguu. Matairi hayo laini yanaweza hata kufika kwetu yakiwa yamevaliwa na gari lililotoka huko wakati wa baridi. Mwenye gari ajue kwamba yametengenezwa kwa ajili ya baridi, na juu ya lami yenye joto huisha haraka. Ayabadilishe kabla ya kupakia familia.

Basi, sisi tusio na theluji tumebeba nini paani?

Yeyote aliyesafiri barabara ya kutoka Mbeya kwenda Tunduma anaijua milima yake, Iwambi na Senjele. Lori likizimika mlimani, utingo huruka chini na jiwe, akalizuia gurudumu lisirudi nyuma. Hapo amefanya kazi njema, pengine ameokoa maisha. Huvunja matawi, akayatandaza barabarani kuwaonya wanaokuja. Hiyo nayo ni njema. Lori likishatengenezwa linaondoka, jiwe na matawi vinabaki. Usiku ukiingia na ukungu ukishuka, anakuja kijana wa bodaboda amembeba mama mgonjwa, taa yake hafifu, na jiwe lile linamngoja katikati ya njia. Jiwe lililomwokoa mmoja sasa linamwinda mwingine, na aliyeliweka yuko Nakonde anakunywa chai.

Hiyo ndiyo theluji yetu. Tena iko ya aina nyingi: magunia yaliyofungwa kwa kamba iliyochoka, mbao zilizochomoza nyuma bila kitambaa chekundu, taa ya nyuma iliyokufa ambayo mwenye gari haioni kwa kuwa iko nyuma yake, mabonge ya tope yanayodondoshwa na trekta kwenye lami na kukauka yakawa matuta. Katika yote hayo anayesababisha hatari siye anayekutana nayo. Anayekutana nayo amekuja baadaye, hana habari, na hana wa kumlalamikia.

Mafundisho ya kale yaliliona jambo hili kabla ya gari kuwapo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kuzunguka dari yake, asije mtu akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mtume Muhammad alifundisha kwamba kuondoa njiani kitu chenye kudhuru ni sehemu ya imani. Ileje ina makanisa, Tunduma ina makanisa na misikiti, na wengi wetu tumeyasikia haya tangu utotoni. Mafundisho yote mawili yanamtaja mtu asiye na jina: atakayepanda darini, atakayepita njiani. Wajibu wetu kwake hauanzi siku tutakapojuana.

Najua ugumu wake. Anayefagia paa hapati shukrani, kwa sababu barafu isiyoanguka haionekani na ajali isiyotokea haina shahidi. Utingo anayerudi kuondoa jiwe wakati dereva anapiga honi ya haraka hatasifiwa na yeyote. Sheria inaweza kuadhibu, na inafaa iadhibu. Tunayo Sheria ya Usalama Barabarani tangu mwaka 1973, na Wiki ya Nenda kwa Usalama hutukumbusha. Lakini askari hawezi kusimama kila kona ya Senjele usiku. Panapoisha jicho la askari ndipo malezi yanapoanza kufanya kazi.

Kwa sababu hiyo naona heri kwamba gari la familia huandaliwa mbele ya watoto. Mtoto wa Minnesota aliyejifunika koti anamwona baba yake akijinyoosha kulifikia paa na vidole vinamuuma. Akiuliza, “Baba, juu kuna nini? Si tunaona mbele tayari?” na akajibiwa, “Kuna watu nyuma yetu, mwanangu,” amepata elimu ambayo hakuna kitabu kitakachompa vizuri zaidi. Mtoto wa Mbebe anaweza kuipata elimu hiyohiyo akimwona baba yake akisimamisha gari, akashuka kwenye tope na kusukuma pembeni jiwe ambalo hakuliweka yeye. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na barabara za miaka ishirini ijayo zitaendeshwa na hawa wanaotutazama leo kutoka kiti cha nyuma.

Ndugu msomaji, kama una gari, lori, trekta au bodaboda, nakuomba jambo moja. Kabla hujaondoka, kizunguke chombo chako chote, ukiangalia na zile pande usizoziona ukiwa umekaa kwenye usukani. Kaza kamba, washa taa ya nyuma na uhakikishe inawaka, toa tope. Na gari likikuharibikia mlimani ukaweka jiwe, usiondoke kabla hujalitoa barabarani. Yuko mtu anakuja nyuma yako, na ana watu wanaomngoja nyumbani kama wewe.