Ufunguo Uliosahaulika Ndani ya Msimbo

Tarehe 7 Oktoba 2022, kampuni ya Toyota ya Japani iliwaomba radhi wateja wake. Anwani za barua pepe 296,019, pamoja na namba za utambulisho za wateja wa T-Connect, huduma inayounganisha gari na intaneti, huenda zilikuwa zimefikiwa na watu wasiohusika. Hakuna aliyevunja mlango. Kampuni iliyopewa kazi ya kutengeneza tovuti ya huduma hiyo ilikuwa imepandisha sehemu ya msimbo kwenye GitHub, mtandao wa kuhifadhi msimbo, ikauacha wazi kwa umma, na ndani ya msimbo huo mlikuwa na ufunguo wa kuingilia seva ya data. Hayo yalitokea Desemba 2017. Yaligunduliwa 15 Septemba 2022.

Ufunguo ulibadilishwa siku mbili baada ya kugunduliwa. Lakini wachunguzi walipopekua kumbukumbu za seva, hawakuweza kuthibitisha kwamba kuna mtu aliingia, wala hawakuweza kukanusha. Hayo ndiyo madhara ya siri kukaa hadharani karibu miaka mitano: hata kama haikuibwa, hakuna awezaye kuapa.

Msomaji asidhani kwamba kufunga hazina ya msimbo kwa umma kunatosha. Mwaka 2016 wadukuzi waliingia kwenye hazina za faragha za Uber, wakakuta humo ufunguo wa hifadhi ya data, wakachota taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva. Kampuni iliwalipa wadukuzi hao dola 100,000 na kulinyamazia jambo hilo kwa mwaka mzima. Mwaka 2018 ilikubali kulipa dola milioni 148 kumaliza madai ya majimbo ya Marekani. Wala hawa si wachache waliopatwa na bahati mbaya. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walieleza kwamba hazina zaidi ya 100,000 za GitHub zilikuwa na siri zilizovuja, na kila siku zilikuwa zikiongezeka kwa maelfu.

Siri hupenyaje hadi huko? Mara nyingi hupenya kwa sababu mtu hakuangalia hali ya mafaili yake kabla ya kuyarekodi. Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huyagawa mafaili ya mradi makundi mawili: yanayofuatiliwa na yasiyofuatiliwa. Linalofuatiliwa ama halijaguswa tangu komiti ya mwisho (yaani rekodi ya mwisho ya mabadiliko), ama limebadilishwa, ama mabadiliko yake yameandaliwa kwa komiti ijayo. Kazi ya amri ya git status ni kukueleza hayo tu, na haidhuru chochote hata ukiiita mara mia.

Tumchukue kijana wa Nairobi anayejenga duka la mtandaoni linalopokea malipo ya M-Pesa. Kupitia Daraja, jukwaa la Safaricom kwa watengeneza programu, amepewa ufunguo na siri yake, akavihifadhi kwenye faili la .env. Anaandika git status -s, naye anajibiwa hivi:

 M malipo.py
?? .env

Herufi M inasema malipo.py limebadilishwa. Alama mbili za kuuliza zinasema Git imeliona .env lakini bado hailifuatilii. Hapo ndipo pa kusimama. Akiendelea na git add . kwa haraka ya kumaliza kazi, ile nukta moja itabeba kila kilichomo kwenye folda. Alama za kuuliza zitageuka A, na akikomiti, siri yake itakuwa imeingia kwenye historia ya mradi.

Kinga yake ni faili la .gitignore, liandikwe siku ya kwanza ya mradi kabla ya komiti ya kwanza. Kila mstari hutaja kitu cha kupuuzwa: .env kwa siri, *.log kwa mafaili ya kumbukumbu, node_modules/ kwa folda nzima ya maktaba. Ukishaandika, rudia git status; .env isionekane tena. Ikiwa bado ipo, huenda umekosea jina au mahali. Amri ya git check-ignore -v .env itakuonyesha mstari unaolikamata faili hilo, na ikinyamaza, ujue hakuna. Likomiti .gitignore lenyewe ili wenzako wote walindwe nalo.

Lakini jihadhari na mtego huu unaowanasa wengi. Faili la .gitignore lina nguvu juu ya mafaili yasiyofuatiliwa tu. Kama .env ilishakomitiwa, kuiongeza kwenye orodha hakubadilishi kitu. Amri ya git rm --cached .env itaiondoa kwenye ufuatiliaji na kuiacha kwenye kompyuta yako, ila komiti za zamani bado zimeibeba. Amri ya git log -p -- .env itakuonyesha siri yote, herufi kwa herufi. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo la kwanza ni kubadilisha ufunguo, ule wa zamani usifungue tena chochote. Kusafisha historia kwa zana kama git filter-repo kufuate baadaye, maana waliokwisha kuinakili hazina hiyo wana nakala usizoweza kuzifikia.

La pili ni kusema. Joe Sullivan, aliyekuwa mkuu wa usalama wa Uber, alitiwa hatiani na baraza la mahakama Oktoba 2022 kwa kuficha udukuzi ule wa 2016. Viongozi wa timu wana wajibu hapa: anayekuja mbio kusema amekomiti nenosiri apokelewe na asaidiwe, kwa kuwa saa za mwanzo ndizo zinazookoa.

Wewe unayeanza mradi leo, andika .gitignore kabla ya msimbo. Soma git status kabla ya kila komiti. Yataje mafaili kwa majina yao badala ya kutegemea nukta. Zinazolindwa kwa uangalifu huo ni taarifa za watu waliokuamini bila kukufahamu.