Mkono Uliofumbwa: Kamera, Jina la Njaa na Haki ya Kushuhudia

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuuliza ni nani anayesimulia na anasimulia kwa niaba ya nani. Ni nadra wao kuuliza ni nani anayetazama, na kwa haki gani. Sababu yake haiko mbali. Neno hujulikana kuwa limeandikwa na mtu, ilhali picha, hasa ile ya kamera, hudhaniwa kuwa imejichora yenyewe. Makala haya yanalichukua swali hilo la pili na kulichunguza kupitia jambo moja tu, yaani njaa, kwa kuwa hakuna hali nyingine inayowaweka mtazamaji na mtazamwa mbali hivyo ilhali miili yao imekaribiana. Mpiga picha aliyeshiba husimama hatua mbili tu kutoka kwa mtu anayekufa. Je, ana haki gani juu ya sura ya mtu huyo, na anadaiwa nini naye? Uchunguzi utaanzia Urusi na kupitia kaskazini ya Ethiopia kabla ya kufika Kasikeu, katika nchi ya Wakamba, ambako njaa ya mwaka uleule iliwekwa kumbukumbu bila kamera.

Jina la Eduard Tisse halitajwi mara nyingi, hata na wapenzi wa sinema. Alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Liepāja, Latvia ya leo, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya himaya ya Urusi. Alijifunza kazi yake kwa kupiga picha za Vita Kuu ya Kwanza na za vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata mapinduzi. Mwaka 1921, njaa kali ilipolikumba bonde la mto Volga, ni yeye aliyeshika kamera katika filamu fupi ya Vladimir Gardin na Vsevolod Pudovkin ambayo jina lake ni neno moja lililorudiwa mara tatu: njaa, njaa, njaa. Baadaye akawa jicho la Sergei Eisenstein. Walifanya pamoja filamu ya Mgomo na ile ya manowari Potemkin, zote za mwaka 1925, kisha wakatoka nchini mwao, wakazunguka Ulaya ya Magharibi na Marekani hadi Mexico, ambako filamu yao kubwa iliachwa mwaka 1932 bila kukamilishwa. Kwa hiyo huyu ni msanii aliyeanza na njaa ya watu wake akaishia kupiga picha za watu wasio wake.

Katika Potemkin kuna tukio linalofaa kusomwa kwa makini. Mabaharia wanakataa nyama iliyooza. Daktari wa meli anaitwa. Anaikunja miwani yake ya kubana pua ili vioo viwili viwe kimoja, anainama, na hadhira inaonyeshwa kile anachokiona: funza wanaojipinda. Daktari ananyanyuka na kutamka kwamba nyama haina kasoro, ioshwe kwa maji ya chumvi tu. Tukio hili hueleweka kwa kawaida kama shambulio dhidi ya utawala wa kifalme, na ni kweli ni hivyo. Hata hivyo, lina maana nyingine ambayo huenda Tisse, aliyekuwa ameitazama njaa kupitia kioo, aliifahamu kuliko mtu yeyote pale. Kioo cha daktari hakikudanganya. Funza walionekana, tena wakubwa kuliko walivyo. Uongo uliingia pale mwenye madaraka ya kutaja alipokipa jina kile kilichoonekana. Mabaharia nao hawakuhitaji kioo, kwa sababu walikwisha kuijua nyama ile kwa pua zao.

Kuona na kutaja ni matendo mawili, basi, na yanaweza kutengana. Historia ya Ethiopia ilitoa ushahidi wa jambo hili kwa namna ambayo mtunzi wa riwaya angeogopa kuibuni. Oktoba 1973 televisheni ya Uingereza ilionyesha filamu ya mwandishi Jonathan Dimbleby juu ya njaa ya Wollo, ambayo serikali ya Mfalme Haile Selassie ilikuwa imeificha. Septemba 11, 1974, filamu hiyohiyo ikatangazwa katika televisheni ya Ethiopia, lakini safari hii wakubwa wa jeshi walikuwa wameichanganya na picha za karamu na anasa za mfalme. Kesho yake mfalme akaondolewa madarakani. Nyuso za Wollo zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kilichowekwa kando yao. Warusi wa kizazi cha Tisse waliifundisha dunia mbinu hii ya kuunganisha vipande vya filamu ili kimoja kikipe kingine maana. Ingekuwa kosa kusema kwamba picha ya 1974 ilidanganya, maana karamu zilikuwepo na njaa ilikuwepo. Lakini wenye njaa hawakuulizwa kama walitaka kufa kwao kuwe hoja ya kijeshi. Jeshi hilohilo ndilo lililokuwa likitawala njaa kubwa zaidi iliporudi miaka 10 baadaye.

Hapo ndipo anapoingia Mohamed Amin. Mtoto huyu wa Nairobi, aliyezaliwa mwaka 1943, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mjini Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka 20. Mwaka 1966 alitiwa gerezani Zanzibar. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, na akarudi kazini kwa mkono wa bandia. Alikufa Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyokuwa imetekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro. Mambo haya yanatajwa kwa sababu kuna hoja, inayosikika sana katika sifa za wapiga picha wa vita, kwamba anayeuhatarisha mwili wake amekwisha kulipa bei ya kuitazama miili ya wengine. Hoja hiyo ina heshima yake lakini haitoshi. Ujasiri unamtofautisha mpiga picha na mtalii. Hauondoi deni alilo nalo kwa yule asiyeweza kuondoka pale mahali baada ya picha kupigwa.

Oktoba 1984 Amin alifika Korem pamoja na Michael Buerk wa BBC, na Oktoba 23 picha zake zikatangazwa. Yaliyofuata yanajulikana: wanamuziki wa Uingereza wakarekodi wimbo wa kuchangisha fedha kabla ya mwaka kwisha, na Julai 13, 1985 likafanyika tamasha la London na Philadelphia. Watu walipona kwa sababu ya picha zile. Mhakiki anayeliruka jambo hili ili aifikie haraka hoja yake juu ya utu wa mtazamwa anafanya mchezo na maiti za watu. Methali husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini maiti haitoi ushahidi, na kama hakuna awezaye kushuhudia ila yeye, basi wauaji wote wako salama. Amin aliwashuhudia wale ambao hawangeweza kujishuhudia mbele ya dunia.

Alichokosa kukionyesha ni kile ambacho kamera yenyewe haiwezi kukionyesha kwa urahisi. Alfajiri ya Korem ilionekana kana kwamba imetoka katika kitabu kitakatifu: ukungu, mashuka, umati usio na idadi. Vita vya Tigray na Eritrea havikuonekana ndani yake, wala sherehe za gharama kubwa za kuadhimisha miaka 10 ya mapinduzi zilizofanyika Addis Ababa mwezi mmoja kabla. Mtazamaji wa Ulaya aliiona njaa kama ukame, na ukame hauna mshitakiwa. Serikali ilipoanza kuwahamisha watu wa kaskazini kwa nguvu, shirika la madaktari wa Kifaransa lililolipinga jambo hilo hadharani lilifukuzwa nchini, Desemba 1985, na wengi wa wachangiaji hawakuelewa kwa nini. Walikuwa wamepewa uso bila kupewa jina la kilichouua.

Mwaka huohuo wa 1984 mvua zilikosekana Ukambani pia. Kasikeu imo katika Makueni ya leo, ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos, na haiko mbali na Sultan Hamud, kituo cha reli kilichopewa jina la Sultani wa Zanzibar wa miaka ile ya kujengwa kwa reli. (Inafaa kusemwa kwa kupita kwamba wageni waliipa reli majina ya watawala, na wenyeji wa miaka hiyohiyo wakaipa miaka majina ya njaa.) Kutoka Nairobi, ilikokuwa ofisi ya Amin, hadi hapo ni kilomita 100 na ushei kwa barabara ya lami. Kamera zilizoifanya Korem ijulikane duniani hazikuifanya Kasikeu ijulikane, na haifai kumlaumu mtu. Serikali ya Kenya iliagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo mapema, na vifo vya halaiki kama vya Ethiopia havikutokea. Kamera huenda pale mwili unapoanguka. Ukambani watu walikonda, wakauza mifugo kwa bei ya kutupa, wakasubiri.

Lakini waliipa njaa hiyo jina, kama walivyozipa zilizotangulia. Ile ya mwisho wa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Ile ya 1961 ni yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa sababu chakula kiliangushwa kutoka angani. Ile ya 1965 ni Atta, kwa unga wa msaada. Ya 1984 iliitwa Nikw'a ngwete. Kwa Kiswahili ni "nakufa nikiwa nimeshika". Nimeshika nini? Jina halisemi. Kitendo kimeachwa bila yambwa, na msikilizaji Mkamba hulijaza pengo hilo mwenyewe: pesa. Watu walikuwa na fedha mkononi, mishahara iliyotumwa kutoka mjini au bei ya ng'ombe wa mwisho, na sokoni hapakuwa na cha kununua.

Ufupi huo unastahili uchambuzi kama unaopewa shairi. Maneno mawili yanabeba kisa kizima cha uchumi. Amartya Sen, katika kitabu chake cha 1981 juu ya umaskini na njaa, alionyesha jinsi watu wanavyoweza kufa mbele ya ghala lenye chakula kwa kukosa uwezo wa kukipata. Jina la Wakamba linaigeuza picha hiyo upande wa pili: uwezo upo mkononi, na ghala ndilo tupu. Tena limetungwa katika nafsi ya kwanza. Lugha inamruhusu mwenye njaa kuwa msimulizi wa kufa kwake, nafasi ambayo Korem hakuna aliyepewa. Isitoshe, ni jambo lisilopigika picha. Mtu aliyeshika noti, kwa macho ya kamera, si mtu mwenye njaa, ni mteja.

Itasemwa, na kwa haki, kwamba jina halikumlisha mtoto hata mmoja. Halikuvuka mipaka ya Kikamba wala halikumfikia mwanamuziki yeyote wa London. Picha ilisafiri bila sababu ya njaa, na jina likabaki na sababu bila kusafiri. Anayetaka kuchagua kimoja na kukidharau kingine hajawahi kukaa katika kijiji kinachosubiri lori.

Hata hivyo, Ukambani wenyewe una mfano unaoonyesha hatari ya picha inapotangulia bila jina. Mwaka 1937 R. O. Barnes alipiga picha za vilima vya Machakos vilivyochubuka, na wataalamu wa kikoloni wa wakati huo waliiona ardhi hiyo kama inayokwenda kuwa jangwa kwa uzembe wa wenyewe na wingi wa ng'ombe wao. Kilichokosekana machoni pao ni uwanda wa Yatta na vilima vya Mua, malisho ambayo Wakamba walikuwa wamefungiwa. Mwaka 1938 serikali ikawanyang'anya mifugo, na umati ukaongozwa na Muindi Mbingu kwenda Nairobi ukakaa huko kwa majuma hadi serikali ikalegeza msimamo. Mwaka 1991 watafiti walirudi wakapiga picha mahali palepale, nazo zikaingia katika kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki cha 1994. Vilima vilikuwa na matuta na miti, na watu walikuwa wameongezeka mara kadhaa. Picha ya pili iliisuta hukumu iliyotokana na ile ya kwanza. Lakini nayo inaonyesha matuta tu. Haimwonyeshi aliyeyachimba, wala haitaji mwethya, kile kikundi cha kazi ambacho wanawake ndio waliokuwa nguvu yake kubwa, waliokwenda kutoka shamba hadi shamba na majembe yao.

Deni la mpiga picha, kwa hiyo, si kwamba aache kamera akabebe maji. Hoja hiyo ni kongwe, na Amin angeijibu kwa kuhesabu ndege za mahindi zilizotua baada yake. Deni lake ni kumwuliza mtazamwa hali hii inaitwaje, na kulisafirisha jibu pamoja na uso. Mtu aliyefika katika soko la Kasikeu mwaka 1984 na kamera angeuona mkono uliofumbwa. Ili ajue kilichomo ingemlazimu aulize, kama si kwa Kikamba basi kwa Kiswahili. Na Amin, aliyeishi Nairobi na Dar es Salaam, alikuwa nacho.