Damu ya Mdogo Wake

Jumatano

Soma: Zaburi 139:13–16, Yohana 9:1–3, Warumi 8:20–23, 1 Wakorintho 15:51–54.

Mwanafunzi mmoja wa uuguzi, mzaliwa wa Kanda ya Ziwa, alilipenda somo la anatomia na fiziolojia kuliko masomo yote ya mwaka wa kwanza. Kila Sabato alikuwa na jambo jipya la kuwasimulia wenzake katika darasa la Shule ya Sabato. Sabato moja aliwaeleza habari za chembe nyekundu ya damu. Hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Kabla ya kuingia katika mkondo wa damu hutoa kiini chake nje, ili ipate nafasi ya kubeba himoglobini, ambayo ndiyo inayoshika oksijeni. Chembe hiyo ni laini, hata huweza kujikunja ikapita katika mshipa mwembamba kuliko yenyewe. Huzunguka mwilini kwa siku 120 hivi, kisha hufa. Na katika muda huo wote haitumii oksijeni hata kidogo katika ile inayoibeba. Yote huwapelekea wengine.

Darasa lilifurahi. Mmoja akasema, “Kweli Mwumbaji wetu ni mkuu.”

Juma lililofuata, mwanafunzi yule alifika kwenye ukurasa wa ugonjwa wa selimundu, akafunga kitabu. Mdogo wake alifariki kwa ugonjwa huo akiwa na miaka tisa.

Soma Zaburi 139:13–16. Daudi anasema Mungu alikuwa wapi wakati mwili wake ulipokuwa unaumbwa?

Sabato ile mwalimu alimwomba asome fungu la 14. Alisimama, akalitazama, asisome. Akauliza, “Na mdogo wangu je? Naye alikuwa kazi ya ajabu ya Mungu?”

Darasa likanyamaza. Mwalimu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, hakukimbilia kujibu. Alisema, “Binti yangu, swali hilo linastahili kusomewa. Tufungue Yohana 9.”

Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi wa Yesu walitaka kujua nini kuhusu mtu yule aliyezaliwa kipofu? Yesu aliondoa lawama gani?

Swali la wanafunzi wa Yesu lilikuwa swali la kijiji chake mwanafunzi yule. Mtoto alipokuwa akilia usiku kwa maumivu ya mifupa, wako waliosema amerogwa. Wengine walinong'ona kwamba mama yake alikuwa na dhambi aliyoificha. Mama mwenyewe alikuja kuamini hivyo. Miaka mingi baada ya mazishi alikuwa bado akifunga na kuomba msamaha kwa kosa asilolijua.

Usiku ule mwanafunzi alifungua tena kitabu. Himoglobini ina minyororo ya protini, na mmojawapo una asidi amino 146 zilizopangwa kama shanga kwenye uzi. Katika selimundu, shanga moja tu, ile ya sita, imebadilika. Kwa sababu hiyo, oksijeni inapopungua chembe hukakamaa, ikachukua umbo la mundu. Hukwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu huanzia. Ugonjwa huo ulielezwa katika jarida la kitabibu huko Chicago tangu mwaka 1910. Mtoto huupata anaporithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama pia, nao wazazi wenyewe huweza kuwa wazima kabisa wasijue lolote.

Likizo ilipofika alikwenda nyumbani. Baada ya shikamoo na chakula cha jioni, alimweleza mama yake yote.

Mama aliuliza, “Kwa hiyo ni mimi niliyempa?”

“Wewe na baba, mama. Mlimpa mlichopewa, nanyi hamkujua. Hata mimi huenda ninacho.”

“Na ile dhambi?”

“Haikuwapo dhambi, mama. Hata Yesu alisema hivyo juu ya yule kipofu.”

Mama alilia kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Basi nimemzika leo.”

Soma Warumi 8:20–23. Ni nani wanaougua pamoja na viumbe vyote? Wanangojea nini?

Mungu alipomaliza kuumba, aliona kila kitu kuwa chema sana (Mwanzo 1:31). Maumivu ya mtoto yule hayakuwa sehemu ya kazi hiyo. Tangu dhambi ilipoingia, wanadamu hurithi udhaifu na mauti bila kuchagua (Warumi 5:12). Lakini kurithi matokeo ya dhambi si sawa na kubeba hatia ya mzazi. Ezekieli 18:20 huweka wazi jambo hilo. Anayemwambia mama aliyefiwa kwamba mtoto amekufa kwa kosa lake humtwika mzigo ambao Kristo amekwisha kuukataa.

Bado lilibaki lile swali la kwanza. Jibu lake mwanafunzi alilipata palepale alipokuwa amefunga kitabu. Chembe zenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 hivi. Maana yake, uboho wa mdogo wake ulikuwa ukijenga damu mpya kwa kasi kubwa kuliko wa mtoto mwenye afya, mchana na usiku, kwa miaka tisa. Alikuwa amemkumbuka kama mwili uliokosewa. Sasa aliona mwili uliojeruhiwa ambao mkono wa Mwumbaji haukuuacha hata siku moja.

Sabato iliyofuata aliomba asome Zaburi 139:14. Aliisoma yote, kwa sauti ya chini.

Mtoto yule amelala, wala hajui maumivu tena. Soma 1 Wakorintho 15:51–54. Siku ya parapanda ya mwisho, Yeye aliyemwona kabla hajazaliwa atamwita kutoka kaburini, na mwili atakaompa hautakuwa na uharibifu wowote. Wakati tunapoingoja siku hiyo, kupima damu kabla ya ndoa, kumpeleka mtoto hospitali mapema na kumtetea mama anayenong'onwa ni sehemu ya kazi ya Bwana aliyemgusa kipofu badala ya kumhukumu.

Tafakari: Je, kuna mtu katika kanisa lako anayebeba lawama kwa ugonjwa au kifo ambacho hakukisababisha? Utamwambia nini juma hili?

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini ni rahisi kutafuta mwenye kosa kuliko kukaa na mwenye msiba? Marafiki wa Ayubu wanatufundisha nini?

2. Mwalimu hakujibu upesi. Ni wakati gani jibu la haraka, hata likiwa la kweli, linaweza kumwumiza aliyeuliza?

3. Zaburi 103:14 inasema Mungu anakumbuka jinsi tulivyo. Fungu hilo linasaidiaje kusoma Zaburi 139 kando ya kitanda cha mgonjwa?